Shangazi na Gauni la Zambarau

Shangazi yangu ameshona miaka ishirini na sita katika chumba kisicho na dirisha, na ukimuuliza anafanya kazi gani atakujibu, "Nafunika watu." Mimi ni karani wa mafaili katika hospitali hiyohiyo, milango mitatu kutoka kwake, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyapata kwa kuambiwa. Mengine niliyasababisha mwenyewe. Nitafika huko, sina pa kukimbilia.

Chumba chake huitwa chumba cha mashuka. Kuna cherehani ya kukanyaga, rafu mpaka darini, kopo la vifungo vya kila rangi, na meza ya kukatia ambayo mguu wake mmoja mfupi umewekewa kitabu cha zamani cha kanuni za usafi. Kila kitambaa cha hospitali hupita mikononi mwake. Kikija kipya hukipiga muhuri mweusi, MALI YA HOSPITALI, hukiandika daftarini, na kuanzia hapo ni kama amekizaa yeye. Kikichanika hurudi kwake. Kikichoka kabisa hukikata matambara ya kudekia, tena kwa huzuni. Muhuri wenyewe hukaa mfukoni mwa aproni yake saa zote za kazi. Wapo wanaosema huoga nao, lakini hao wanatia chumvi.

Ni mfupi, ana miwani ya kusomea puani na ya kuonea mbali kichwani, na bado kila asubuhi huniuliza kama nimeiona miwani yake. Alianza kama mfagiaji. Siku moja alikuta shuka limetandikwa kiujanja, tundu limefichwa chini ya mgonjwa, na mgonjwa amelala moja kwa moja juu ya plastiki ya godoro. Kesho yake akaja na sindano kutoka nyumbani. Akashona lile, akashona la kitanda cha jirani, na kabla mwezi haujaisha ufagio ulikuwa umepewa mtu mwingine. Tangu hapo hana dogo. Daktari akipita na koti lenye kifungo kilichokatika, humvua palepale koridoni kama mtoto wa chekechea, na daktari husimama kimya akingoja.

Hospitali yetu ina juu na chini, na kila mtu anajua yeye ni wa wapi bila kuonyeshwa kibao. Juu kuna vyumba vya mtu mmojammoja. Chini kuna wodi za vitanda thelathini. Gauni la mgonjwa huanza maisha yake juu, likiwa jipya, lina kamba nne za kufungia mgongoni. Likipauka hushuka ngazi kuja kwetu, na likishashuka kamba huanza kupotea, maana wodi za chini hazijapata kitu kinachofaa kama kamba. Sista akikosa cha kuning'inizia chupa ya dripu, huchomoa kamba. Pazia limedondoka? Kamba. Kabati la dawa halifungi? Kamba. Niliwahi kuikuta redio ya mlinzi wa getini imefungwa msumarini kwa kamba mbili za wodi ya wazazi. Shangazi hushona nyingine kila wiki, na kila wiki zinayeyuka.

Sasa, kutoka wodi za chini hadi chumba cha upasuaji kuna ujia wa hatua sabini, umeezekwa juu lakini ubavuni uko wazi, na kando yake ndipo yalipo mabenchi ya wagonjwa wa nje. Wagonjwa wa juu husukumwa kwa kitanda cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni. Kitanda cha magurudumu cha chini kina gurudumu moja lililogoma tangu niajiriwe, basi mwenye miguu hutembea. Mkono mmoja umeshika faili, mwingine umeshika gauni kwa nyuma lisifunguke, na kwenye mabenchi umekaa mtaa mzima unaosubiri kuitwa na usio na kingine cha kutazama.

Wengi hufika. Wengine hukata kona penye bomba la maji na kwenda zao nyumbani. Hao ndio walionifikia mimi. Fomu yetu nyeupe ya wodi za chini ina visanduku viwili tu chini ya neno Upasuaji: Amekubali, Amekataa. Mgonjwa akiondoka naweka alama kwenye Amekataa, naandika tarehe, naendelea na chai yangu. Nimefanya hivyo miaka saba. Mtu akifikisha alama tatu za namna hiyo, jina lake hutolewa kwenye orodha na faili hupandishwa rafu ya juu kabisa, ile inayohitaji ngazi.

Ndipo ikaja zamu ya Bibi Redio.

Bibi Redio ni mama mkwe wa Shangazi. Jina alipewa na mtaa, tena kwa haki: habari ikitoka kinywani mwake saa kumi na mbili asubuhi, saa moja hata waliohama wanayo. Kwa Shangazi alikuwa na neno moja tu, mishono. Tangu mwanawe alipomwoa Shangazi, hajapata kuona mshono wake usio na kasoro. "Mishono yako inafukuzana," humwambia. Naye Shangazi humjibu, "Na maneno yako, Mama? Hayo yanapigana vikumbo." Miaka thelathini hivyo, kila Jumapili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukosa kuja.

Lakini mwaka jana redio ilianza kukwaruza. Uvimbe aliokuwa nao shingoni tangu ujana, mdogo kama ndimu, ulikua ukawa kama chungwa. Akawa anakohoa baada ya kila maneno matatu, analala ameketi, sauti inamkatika umbea ukiwa umefika pazuri. Daktari alimweleza bila kuzungukazunguka: uvimbe unabana njia ya hewa, lazima utolewe. Daktari bingwa wa upasuaji huja kwetu Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Bibi akapangiwa siku.

Alhamisi ile ya kwanza alipewa gauni lisilo na kamba hata moja. "Uvimbe uko shingoni," alimwambia sista. "Mgongo unauhusu nini?" Sista akasema ndio utaratibu. Bibi akalishika gauni kwa nyuma, akatembea hatua arobaini, kisha akawaona kwenye benchi wakwe zake wawili wa upande wa binti yake, na pembeni yao yule muuza mkaa ambaye Bibi alikuwa akimsema mtaani. Alisimama. Hakuweza kuendelea, na hakuweza kugeuka vilevile, maana angewageuzia mgongo. Alirudi kinyumenyume hatua zote arobaini hadi wodini, akavaa nguo zake, akaondoka.

Mwezi uliofuata alikuja amejiandaa. Juu ya gauni alijifunga kitenge chake mwenyewe, akapita mabenchi yote kichwa juu, akafika mlangoni. Sista wa mlangoni akanyoosha mkono. "Nguo ya nje haiingii humu, Bibi. Inaleta vijidudu."

"Basi na mimi ni wa nje," alisema Bibi, akaenda nyumbani kwa miguu.

Alama zote mbili niliziweka mimi. Huyu ni bibi aliyenipakata, na nilimwandikia Amekataa kama ninavyomwandikia mtu nisiyemjua, nikajiambia kazi ni kazi. Daktari bingwa aliacha ujumbe ndani ya faili: mwezi ujao ndio mwisho. Baada ya hapo njia ya hewa itakuwa nyembamba mno, na hatathubutu tena kumlaza kwa dawa ya usingizi.

Shangazi aliuona ujumbe huo Jumatatu alipokuja kwangu kuazima mkasi. Akausoma, akasoma na fomu.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi, Shangazi."

"Mama amekataa nini?"

"Upasuaji."

"Alikwambia?"

"Hapana. Aliondoka."

"Kwa hiyo mtu akitoka dukani bila viatu kwa sababu havikumwenea, amekataa kutembea?" Alivuta kiti akaketi. Nilijua tumeharibu, maana Shangazi haketi akiwa kazini. "Niletee wote. Wote uliowaandikia neno hili tangu Januari."

Nilipanda ngazi, nikashuka, nikapanda tena. Yalikuwa mafaili arobaini na moja. Thelathini na manane yalikuwa na fomu nyeupe za chini, kila moja na alama yake na kimya chake. Matatu yalikuwa na fomu za kijani za juu. Fomu za kijani, mnisamehe, nilikuwa nimezishika miaka saba bila kuzitazama vizuri, zina mistari sita yenye kichwa Maelezo ya Mgonjwa. Mmoja aliomba siku nyingine kwa sababu alikuwa na mgeni. Wa pili hakupenda mto. Wa tatu alitaka kitanda cha karibu na dirisha, akapewa, akarudi. Shangazi aliisoma ile ya mto mara mbili, akaiweka mezani taratibu, kwa namna iliyonitia hofu kuliko angeitupa.

Jumamosi alinikokota mtaani kwenda kuwauliza. Hatukuwamaliza wote, lakini tuliwafikia kumi na mmoja, na ningelipa kuisikia siku ile tena. Mwokaji wa mikate, mtu mpana kama mlango wa ghala, alituonyesha kwa mikono: "Gauni lilinifika hapa na hapa. Katikati palikuwa hewa tu. Mama, mimi nina wateja!" Mwanamke mvunja kokoto kutoka machimboni alisema kwao mama hunyonyesha mbele ya kadamnasi na hakuna anayegeuka, lakini paja ni jambo jingine kabisa. Mjane wa ng'ambo ya mto hakujali paja wala mgongo. Alichotaka ni kichwa chake kifunikwe, na sista alikuwa amemvua kilemba bila kumwomba. Mzee mmoja fundi baiskeli alikuwa tayari kwenda uchi wa mnyama, alisema, mradi asipite mbele ya mabenchi ambako binti zake huuza vitafunio. Shangazi aliandika yote katika daftari la mashuka, ukurasa wa nyuma: jina, na palipotakiwa kufunikwa. Kwa kila mmoja aliuliza swali lilelile mwisho. "Lingekuwepo gauni la namna hiyo, ungeingia?" Wote kumi na mmoja walimtazama kama ameuliza kama jua litachomoza. Mwokaji alisema angeingia mbio.

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Miaka saba nilidhani naandika habari za watu wakaidi.

Matroni wetu ni mtu wa kanuni. Hata akitaka kupiga chafya, huangalia kwanza kama ni zamu yake. Jumatatu Shangazi alisimama mbele ya meza yake, mimi nyuma kama mkia.

"Naomba vitambaa vya magauni mapya ya chini, Matroni."

"Andika barua."

"Niliandika mwaka juzi."

"Andika nyingine."

"Mama mkwe wangu anaingia Alhamisi wiki ijayo, Matroni. Barua haitawahi."

Matroni alifungua kitabu chake, akapitisha kidole kwenye mstari. "Kila nguo inayoingia chumba cha upasuaji iwe na muhuri wa hospitali, na iwe imechemshwa na kupitishwa kwenye mvuke."

"Hilo nalijua."

"Haisemi nguo iwe imetoka wapi," alisema Matroni, akafunga kitabu, akaanza kutia saini makaratasi kana kwamba hatupo. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatusaidia au anasoma tu. Shangazi tayari alikuwa ametia mkono mfukoni na kuushika muhuri.

Jumapili tulimkuta Bibi ameegemezwa mito mitatu. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayeongea kutoka nyumba ya pili. Shangazi hakusalimia sana. "Mama, nipe kitenge chako kizuri kuliko vyote."

"Unakipeleka wapi?"

"Hospitali. Na wewe ukiwa ndani yake."

Bibi alijiinua kwenye mito. Kisha akanielekeza kwenye sanduku chini ya kitanda. Kilikuwa cha zambarau, kizito, hakijawahi kukatwa wala kulowa maji, amekiweka miaka kumi akingoja siku itakayokistahili. Shangazi akachomoa futi yake. Katika miaka thelathini Bibi hakuwahi kukubali kupimwa naye hata nguo ya kupikia. Sasa aliinua mikono.

"Vuta pumzi, Mama."

"Ningekuwa na pumzi ungekuwa hapa?"

Mimi nilicheka. Shangazi naye alianza kucheka, halafu akageukia ukutani na futi yake mkononi, na alikaa hivyo mpaka Bibi akamwambia mikono inamchoka.

Alilishona gauni kwa siku mbili. Lilipishana mbele kama koti, likafungwa ubavuni. Kamba hazikubandikwa kama za zamani. Alizipitisha ndani ya pindo zikazunguka gauni zima, hata sista mwenye njaa ya kamba angelazimika kulifumua lote. Mabegani aliweka vifungo vya kubana ili daktari aifikie shingo bila kufunua kingine chochote. Mwisho akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kifuani. Jumanne jioni alimpelekea Bibi alijaribu.

"Umenipiga chapa kama gunia la unga," alinong'ona Bibi.

"Hiyo ndiyo tiketi yako, Mama."

"Na bega hili..."

"Najua. Linafukuzana."

Jumatano ndipo Shangazi alipofanya kosa ambalo angemfukuza dobi kwa nusu yake. Gauni lilitakiwa kuchemshwa kabla ya mvuke. Alipofika kwa dobi, pipa kubwa lilikuwa linatokota, limejaa nguo zote za chumba cha upasuaji za kesho yake: makoti ya madaktari, kofia, mashuka ya meza. Kungoja hilo limalize na kuchemsha maji mengine kungechukua saa mbili, na yeye alikuwa na roho mkononi, anaogopa mvuke utafungwa kabla hajawahi. Mtu ambaye miaka ishirini na sita amekuwa akituimbia kwamba nguo ya rangi hufuliwa peke yake, tena akiwa anajua kitenge kile hakijawahi kuona maji, alifunua pipa akalitumbukiza gauni humo kwa mkono wake.

Nilisikia ukelele wa dobi nikiwa kwangu. Nilipofika, alikuwa anainua kwa mti nguo mojamoja, na kila iliyotoka ilikuwa zambarau. Nyingine zambarau ya kukolea, nyingine kama ya mtu aliyejimwagia juisi, lakini zambarau. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Zote?" nilimuuliza.

"Mpaka kofia," alisema.

Hapakuwa na seti nyingine. Alisimama, akajifuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa Matroni na kuutua muhuri mezani kwake. Akasimulia yote bila kujitetea. Akasema yuko tayari kuondoka leo hii, ila anaomba jambo moja tu, upasuaji usiahirishwe, maana Bibi hana mwezi mwingine.

Matroni alisikiliza. "Zina muhuri?"

"Zinao."

"Zimechemka?"

"Zimechemka sana, Matroni."

"Zitapita kwenye mvuke?"

"Zinaingia sasa hivi."

Matroni alifungua kitabu, akasoma mstari ule, akasoma na wa chini yake. "Kanuni haitaji rangi," alisema, na kwa kidole kimoja akausukuma muhuri ukarudi upande wa Shangazi.

Alhamisi asubuhi nilijipa kazi ya kubeba faili ambalo halikuhitaji kubebwa, ili niwe ujiani. Bibi Redio alitoka mlango wa wodi akiwa ndani ya gauni lake. Alitembea polepole kwa sababu ya pumzi, lakini hakuna mkono uliolazimika kushika gauni, na kwa ule usio na faili alikuwa akisalimia. Mabenchi yote yakageuza shingo. Wakwe zake walikuwepo tena, sijui huumwa nini watu wale. Akawapungia. Muuza mkaa alisimama kumpisha ingawa hakuwa amemzibia njia. Shangazi alitembea hatua mbili nyuma yake, macho kwenye pindo, na midomo yake ilikuwa inacheza.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa. Ndani alisimama daktari bingwa, zambarau tangu kofia hadi magotini. Msaidizi wake, zambarau. Mtu wa dawa ya usingizi, zambarau yenye mawimbi. Sista wa mlangoni, zambarau. Meza yenyewe imetandikwa zambarau. Bibi alishika fremu ya mlango. Aliwatazama wao, akajitazama yeye, akawatazama tena. Shangazi alifungua kinywa aeleze habari za pipa, lakini Bibi alimtangulia.

"Mmeshona sare?" alinong'ona.

Hapo ndipo yule sista wa mlangoni, yuleyule wa vijidudu, alipofanya jambo lililonifanya nimsamehe yote. "Ndiyo, Bibi," alisema. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

"Mngeniambia. Ningevaa hereni."

Daktari bingwa akacheka mpaka barakoa ikamshuka puani, akasema ameomba miaka kumi na mitano apewe rangi isiyo nyeupe. Bibi aliachia fremu ya mlango na kuingia mwenyewe.

Tulingoja kwa saa tatu. Shangazi alikaa kwenye cherehani akishona kamba kwenye magauni ya zamani, na alishona vibaya, mishono ikifukuzana kweli. Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Asiponisema tena," aliniambia, "mimi nitamshonea nani? Hawa wengine wote wanasema asante tu." Nikamshika mkono.

Daktari alitoka akatuambia uvimbe umetoka wote na hewa inapita vizuri. Kuhusu sauti, alisema, tungoje, maana mshipa wake unapita jirani kabisa na pale alipokata. Ijumaa Bibi hakusema neno. Jumamosi aliomba maji kwa kidole. Wodi nzima ilikuwa kimya cha ajabu, na wagonjwa walioletwa kutoka mtaa wetu walisema hawawezi kulala kwa utulivu ule.

Jumapili, siku yao, Shangazi alikuwa ameinama kumwekea mto vizuri. Bibi alilishika bega la gauni lake, akalisugua kwa vidole viwili, akalivuta lifikie mwanga. Midomo ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa na kutu, lakini ilifika hadi kitanda cha mwisho.

"La kushoto limepinda."

Shangazi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani, alilia kwa sauti mpaka sista akaja mbio akidhani kuna mtu amefariki. "Limepinda wapi, Mama? Nionyeshe, nitalifumua."

"Hebu liache hivyohivyo. Usiliguse."

Siku ya kutoka, Shangazi alitaka kulifuta gauni kwenye daftari ili Bibi aende nalo. Bibi akakataa, na hili ndilo jambo pekee ambalo nathibitisha kwamba alilikataa. "Lina muhuri, si langu tena. Mpe yule wa kokoto." Mvunja kokoto akalivaa mwezi uliofuata, akaingia nalo, akatoka mzima, na alipotoka alileta kitenge chake cha rangi ya chungwa kipigwe muhuri. Mjane wa ng'ambo ya mto akaleta viwili, na kilemba. Mwokaji alileta mifuko minne ya unga iliyofuliwa ikalainika, na kwa upana wake hakikubaki hata kipande. Sasa rafu ya chini ya chumba cha mashuka inang'aa kama duka, dobi amepewa pipa la pili, na wagonjwa wawili wa juu wameshatuma watu kuuliza kwa nini wao wanavaa buluu tu.

Ilikuwa imebaki hesabu yangu mimi. Mwezi mmoja baadaye Bibi alikuja kuonyesha kidonda, akapita dirishani kwangu. Hajui kusoma. Aliegemea kiwiko akasema, "Mjukuu wangu, nisomee hilo faili. Nataka kujua mnanisemaje humo."

Nilisoma jina, umri, uvimbe. Nilipofika kwenye visanduku nikapunguza sauti. "Amekataa. Amekataa. Amekubali."

"Nani amekataa?"

"Wewe, Bibi."

"Nilikwambia nakataa?"

"Hapana."

Mabenchi yalikuwa yamegeuka yanasikiliza, maana redio ilikuwa imerudi hewani na kila mtu alijua inaweza kunitangaza mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Bibi aliinama karibu na dirisha, akasema taratibu, kwa hiari yake, na mimi peke yangu nikamsikia.

"Chukua kalamu. Andika: Alikuja mara tatu."

Fomu nyeupe haina mahali pa maneno. Niliandika pembeni, kutoka juu hadi chini, kwa herufi kubwa, nikamsomea mara mbili mpaka akaridhika. Alipoondoka nilifunga dirisha kidogo, nikaenda kuleta ngazi ya kufikia ile rafu ya juu.